Magurudumu ya mbao ya gari la ng'ombe la babu: nani bado anajua kuyavisha chuma?

Seremala_Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Wete, Pemba. Kazi zangu ni vitanda, makabati, milango na madirisha, na namshukuru Mungu zinanilisha. Nimekuja hapa kwa kuwa nimekwama kwenye kazi yangu mwenyewe, haina mteja, na kila ninayemuuliza mtaani ananambia waliokuwa wakiijua wamekwisha kufa.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mchukuzi. Gari lake la ng'ombe halikuwa la mipira kama haya ya leo. Lilikuwa na magurudumu ya mbao, makubwa, yaliyovishwa ukanda wa chuma. Msimu wa karafuu akipakia magunia mashambani kuleta mjini. Msimu ukiisha akibeba nazi, kuni, mawe ya msingi, vyombo vya bibi harusi. Mimi nikikaa nyuma, miguu inaning'inia, na mlio wa kile chuma juu ya mawe nilikuwa nausikia hadi usingizini.

Alfajiri kabla ya kufunga ng'ombe alizunguka gari na kirungu chake, akagonga njiti moja moja, yaani zile fito zinazotoka kwenye kitovu cha katikati hadi duara la nje, huku ameinamisha kichwa anasikiliza. Njiti iliyokaza inalia. Iliyolegea inakohoa, ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe. Akisikia kikohozi, basi jioni ya Alhamisi huyavua magurudumu akayaviringisha hadi dimbwi la bondeni, chini ya mipunga, akayalaza majini. Ijumaa hakuwa akitoka na gari. Jumamosi asubuhi njiti zote zinalia tena.

Alifariki nikiwa na miaka 14. Gari lilioza uani, lakini magurudumu baba aliyatia bandani nyuma ya majamvi ya kuanikia karafuu, na huko yamekaa zaidi ya miaka 20. Mwaka jana nikayatoa. Kimo chake sentimita 118. Kila moja lina njiti 12, na duara la nje limeungwa kwa vipande 6 ambavyo babu akiviita miezi, maana kila kimoja kimepinda kama mwezi mwandamo. Kitovu kina urefu wa sentimita 30 na unene kama wa paja la mtu mzima. Moja ni zima ila chuma chake kinacheza. La pili mchwa wameliingia: miezi miwili imekuwa unga, njiti tatu zimevunjika, na kitovu kina ufa unaopitisha kidole.

Sasa nilipokosea. Nilichonga miezi mipya na njiti mpya, nikaunga kwa gundi na misumari ya mti kama ninavyounga meza. Njiti za zamani niliziona zimelala upande mmoja, hazikusimama sawa kutoka kwenye kitovu, nikadhani ni uzee, basi mimi nikazinyoosha. Halafu nikalipeleka kwenye karakana moja ya mageti ya chuma. Wakakata ule ukanda, wakauchomelea upya kwa kipimo kilekile cha mbao, wakauingiza kwa nyundo ukiwa baridi, wakatoboa na kufunga bolti sita. Kwa macho lilikuwa zuri. Nikalifunga kwenye gari la jirani, tukapakia mawe, tukashuka nalo kilima. Hatukufika bondeni. Chuma kilianza kugongagonga, bolti zikapasua miezi mitatu kwa mpigo, gurudumu likafunguka kama ua. Ng'ombe alishituka akakimbilia kwenye mihogo ya watu. Alhamdulillahi hakuumia mtu.

Wakati huohuo alinijia mtu wa hoteli moja anataka kuyanunua yote mawili, ayaning'inize darini yawe taa. Fedha aliyotaja si haba, na nina watoto wanne. Nilimkatalia. Nataka yaende, yabebe mzigo, walau mara moja wanangu wausikie ule mlio.

Naomba mwenye kujua anisaidie. Miti gani kwa kitovu, gani kwa njiti, gani kwa miezi? Na ule ukanda unavishwaje hadi ukashika bila bolti? Ule wa gurudumu zima hauna tundu hata moja.

Mwenye_Gari_Donge

Yakhe, pole kwa mkasa, na shukuru ng'ombe amesalimika.

Mimi gari ndiyo kazi yangu, Unguja huku. Nabeba mchanga, matofali, majani ya ng'ombe. Nitasema kweli yangu na usinichukie. Gurudumu la mpira na beringi linamwokoa mnyama. Penye mchanga ukanda mwembamba wa chuma unazama, mpira unapita juu. Dume langu moja linavuta peke yake mzigo ambao marehemu baba alikuwa anaugawa safari mbili. Kama unataka kazi, tafuta ekseli ya gari bovu, mkate, mchomelee, siku moja umemaliza. Kama unataka kumbukumbu, basi liweke ukutani ulitazame. Usimtie ng'ombe adhabu kwa ajili ya mapenzi ya babu.

Maalim_Tezo

Mwanangu wa Wete, wa alaykumu salaam. Nimekusoma mara mbili, na pale uliposema umezinyoosha njiti niliguna peke yangu. Usijilaumu, seremala yeyote wa fanicha angefanya vilevile, kwa sababu sisi tunafundishwa kuwa kilichopinda kimeharibika. Lakini hapo ndipo ulipoiondoa roho ya gurudumu.

Nilisomesha useremala miaka mingi, na kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi wa ami yangu, ambaye alitengeneza magari ya ng'ombe na magari ya kusukuma ya mahamali. Nilimshikia kazi tangu nina miaka 11. Ninayoyaandika nimeyafanya kwa mikono hii.

Litazame lile zima. Lilaze chini, weka ubao ulionyooka juu ya miezi, halafu pima kutoka kwenye ubao kushuka mpaka mahali njiti inapoingia kwenye kitovu. Upande mmoja utakuta pameingia ndani kuliko upande wa pili. Gurudumu lina umbo la kawa la kufunikia chakula, kawa la kina kidogo sana, na likiwa garini uwazi wake unatazama nje. Sababu yake ni mwendo wa ng'ombe. Mnyama anapokwenda hayumbi mbele na nyuma tu, anayumba kulia na kushoto, na kila hatua mzigo unakisukuma kitovu kwa nje. Njiti zikiwa zimesimama wima hazina cha kuegemea, zinachezacheza kwenye matundu yake mpaka zitoke. Zikiwa zimelala kama kawa, kila zinaposukumwa nje zinajaribu kulitanua duara, na duara haliwezi kutanuka kwa kuwa chuma kimelibana. Kwa hiyo mzigo wenyewe ndio unaozikaza. Ulipozinyoosha, kazi yote ukaitupia gundi na bolti.

Na ukilala chini utazame ekseli ya babu yako, kama ipo, utaona ncha zake zimeinamishwa chini kidogo. Hilo nalo ni la makusudi: njiti iliyo chini kwa wakati ule, ndiyo yenye kubeba, inasimama wima juu ya ardhi ijapokuwa kwenye gurudumu imelala. Ami akisema njiti hupokezana zamu, na aliye zamuni asimame sawa.

Miti. Kitovu hupigwa matundu 12 kukizunguka, na mti wa nyuzi zilizonyooka utapasuka tu. Unataka nyuzi zilizosokotana. Kwetu mtondoo una sifa hiyo, na wajenzi wa majahazi wanaujua vizuri. Usiende kuukata Ngezi, ile ni hifadhi; tafuta uliong'olewa na upepo pwani au uombe kibali. Ukiupata, jambo la kwanza kabla hujafanya lolote toboa tundu la katikati moja kwa moja, upumue ndani na nje, halafu ncha zake mbili zipake rangi nzito au nta ili zisikauke haraka kuliko tumbo. Weka kivulini penye hewa. Andika tarehe. Mimi singelikigusa kwa miaka miwili. Najua umekunja uso, lakini kitovu kibichi kikishapigwa njiti kitasinyaa na matundu yatalegea yote 12, na hapo hakuna dimbwi litakalokusaidia.

Njiti ni kinyume chake: nyuzi zilizonyooka kabisa. Msaji mkavu unafaa. Usizikate kwa msumeno. Pasua gogo kwa shoka na kabari, mti wenyewe ukuonyeshe unapotaka kwenda, ndipo uchonge kwa tezo. Msumeno unakata nyuzi katikati, na njiti huvunjikia hapohapo.

Miezi, mvule au mfenesi. Ukipata tawi lililopinda lenyewe, kama wanavyotafuta mataruma ya chombo, chukua hilo, nyuzi zitafuata duara. Kila mwezi unabeba njiti mbili, ndiyo maana 12 kwa 6. Katikati ya mwezi na mwezi acha nafasi, unene wa sarafu, usizibananishe. Gundi usitie popote. Nafasi hiyo ndiyo chuma kitakayoifunga.

Sasa chuma. Bolti hazina kazi hapa kwa sababu pete inatakiwa iwe ndogo kuliko gurudumu. Chuma kikipata moto mpaka kiwe chekundu, kila mita hurefuka kama sentimita 1. Gurudumu lako la sentimita 118 lina mzunguko wa sentimita 370 na nusu hivi, kwa hiyo pete yake ikiwa nyekundu inaongezeka zaidi ya sentimita 3. Basi wewe unaifanya iwe pungufu kwa sentimita 2 na nusu. Baridi haivai hata uipige kwa mwaka. Ikiwa nyekundu inaingia kwa kusukumwa tu, ukiimwagia maji inarudi katika ufupi wake na kubana kila kiungo kwa wakati mmoja. Ukiifupisha kupita hapo itazivuta njiti mpaka zipinde.

Usipime kwa futi ya kamba. Tengeneza kigurudumu kidogo cha bati chenye mpini, kitie alama ya chaki, kiviringishe juu ya miezi kuzunguka huku unahesabu mizunguko, mwisho weka alama ya pili. Halafu kiviringishe ndani ya pete iliyokwisha kukunjwa, hesabu ileile. Ndani ya pete, nasisitiza. Bapa likinyooka ni urefu mmoja, likikunjwa upande wa ndani unakuwa mfupi na wa nje mrefu, na kwa chuma cha milimita 10 tofauti ya kipimo inameza punguzo lako lote. Nimeona pete mbili zikiharibika kwa kosa hilo, moja ilikuwa yangu na niliilipa kwa kufagia karakana mwezi mzima.

Ndugu yangu wa Donge, umesema kweli kuhusu mchanga na sikubishii. Lakini huyu kijana hakuuliza kipi chepesi. Ameuliza namna ya kufanya, na wa kumjibu tumebaki wachache. Umri wangu umekwenda. Niulize leo.

Binti_Mhunzi

Kaka wa Wete na Maalim, shikamooni.

Mimi ni wa Chake, na baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mhunzi. Maalim ameeleza hesabu, mimi nitaeleza siku yenyewe, kwa sababu sisi watoto wa kike ndio tulikuwa watia maji na hatukuruhusiwa kukosa.

Kazi ilikuwa inafanywa baada ya alasiri, jua likishapungua, ili rangi ya chuma ionekane. Mchana wa jua kali chuma chekundu unakiona cheusi na utajidanganya. Baba alikuwa na sakafu ya saruji ya duara yenye shimo katikati. Gurudumu linalazwa juu yake, kitovu kinaingia shimoni, miezi inakaa bapa, na linafungwa lisinyanyuke. Pembeni pete inalazwa juu ya mawe matatu, moto unapangwa kuizunguka yote, makumbi ya nazi chini na vifuu vyake juu. Vifuu ndivyo vinavyotoa moto mkali. Wiki nzima kabla yake tulikuwa tunapita majumbani kuviomba.

Baba hakuwa na kipimo cha joto. Alikuwa na chelewa, ule uti wa jani la mnazi. Anauburura juu ya chuma. Ukitoa moshi tu, bado. Ukiwaka papo hapo unapogusa, anasema "Bismillahi" na watu watatu wanaingia na koleo za mikono mirefu. Wanainyanyua kwa pamoja, wanaishusha, upande mmoja unaanza kukamata, baba anazunguka na nyundo akiusukuma mwengine. Mbao zinashika moto. Hapo ndipo mgeni anapopiga kelele, na ndipo sisi tunapotakiwa tutulie. Tulikuwa wanne, kila mmoja na ndoo yake, pande nne za gurudumu. Neno likitoka tunamwaga wote kwa wakati mmoja. Akimwaga mmoja peke yake, upande wake unabana kabla ya wengine na pete inakaa mshazari.

Mvuke unapanda huoni mtu. Halafu unasikia viungo. Kwanza kimoja kinalia "taa!", halafu vyengine vinafuata, na kile kitu kizima kinaguna kama mtu anayejinyoosha. Mvuke ukiondoka ile nafasi ya sarafu aliyoitaja Maalim haipo tena. Nilikuwa na miaka 8 mara ya kwanza na nilikimbilia kwa mama.

Fuawe ya baba iliuzwa chuma chakavu nikiwa sipo, na pete zilizokuwa zimeegemezwa ukutani zilikwenda pamoja nayo. Nilipofika nilikuta alama zao tu kwenye chokaa. Lakini koleo tatu ninazo, nilizificha uvunguni. Kaka, kama utafanya, zije Wete. Na mimi nije nazo.

Mpemba_Ugenini

Nawasoma kutoka Uingereza na machozi yananilenga.

Huku niliwahi kupelekwa kwenye maonyesho ya shamba nikaona kazi hiihii anayoisema dada, kasoro vifuu. Chama cha mafundi magurudumu cha London kilipewa hati na Mfalme Charles II mwaka 1670 na kipo mpaka leo. Fundi niliyezungumza naye alinambia miti yao ni mitatu: elm kwa kitovu, mwaloni kwa njiti, ash kwa duara la nje. Niliposoma alichoandika Maalim nikashangaa, maana sababu ni zilezile. Elm una nyuzi zilizosokotana haupasuki, mwaloni wao wanaupasua badala ya kuukata. Watu hawajaonana, na mti umewafundisha jambo moja.

Msiba wao ni kwamba tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa ulioletwa na magogo kutoka ng'ambo uliua elm kwa mamilioni, na mafundi wakahangaika kupata vitovu. Huko India gurudumu la gari la ng'ombe linajulikana kwa mti wa babul, ambao ni katika jamii ya migunga yetu. Nayataja haya ili msidhani mpo peke yenu.

Swali langu kwa Maalim: kwa nini lisitengenezwe moja likawekwa makumbusho?

Maalim_Tezo

Likawekwe, sikatai. Lakini kumbuka mtepe. Kile chombo kilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, na kikatoweka baharini kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Tulikuja kuona wa kuigiza ndani ya Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho la Unguja, na jumba lenyewe sehemu yake ikaanguka Desemba 2020. Kilichoko makumbusho kinakwambia kilikuwaje. Hakikwambii mkono ukae wapi, tezo iingie kwa pembe gani, kifuu kingapi kinatosha. Mimi nataka kijana huyu akosee mbele yangu nikiwa hai nimsahihishe.

Seremala_Wete

Maalim wangu, dada yangu, nyote, sijui niwashukuru vipi. Nimechelewa kurudi kwa kuwa nilikuwa kazini, na nataka nieleze tulipofika.

Maalim alinipigia simu karibu kila usiku baada ya Isha. Alinambia niachane na lile bovu kwanza, nijifunze kwenye zima. Basi nilipima lile zima kwa ubao kama alivyosema: limeingia sentimita 3 kasoro kidogo, njiti zote 12 sawasawa. Nimelipita gurudumu lile utoto wangu wote na sikuwahi kuona.

Nilitengeneza kigurudumu cha bati kutoka kwenye kopo la rangi. Pete ya zamani ilikuwa kubwa kuliko miezi kwa karibu sentimita 2, ndiyo maana ilikuwa inacheza. Mbao zimesinyaa miaka yote bandani. Nilimpata kijana wa kuchomelea, mdogo, msikivu, hakunibishia. Tulikata kipande cha sentimita 4 na nusu, tukaunga, nikapima ndani mara tatu. Pungufu 2 na nusu.

Dada alikuja kutoka Chake na daladala, koleo zimefungwa kwenye kanga kama mtoto mchanga. Alipoziweka chini nilitaka kumsaidia, akasema ngoja, akazifungua mwenyewe. Mpini wa moja umeliwa mahali kidole gumba kinapokaa. Alinionyesha bila kusema kitu.

Sakafu nilimwaga mwenyewe wiki mbili kabla. Vifuu magunia matano. Watoto wangu watatu wakubwa na mtoto wa jirani walishika ndoo, dada akiwapanga na kuwaambia kila mmoja asimwage mpaka asikie sauti yake. Chelewa ya kwanza ilitoa moshi, ya pili moshi, ya tatu ikawaka. Tukainyanyua. Nilivyoishusha upande wangu uliteleza, ukachoma alama kwenye mwezi mmoja kama upana wa vidole viwili, na moto ukapanda hadi nikahisi nyusi zangu. Dada akapiga kelele, "Nyundo, kaka, nyundo, usiutazame!" Nikagonga mara nne ikaingia. "Maji!"

Ilitokea kama alivyoandika. Kiungo kimoja, "taa!" Halafu vilivyobaki. Binti yangu wa mwisho alikuwa mgongoni kwa mama yake akaanza kulia, na mimi pia.

Asubuhi nilichukua kirungu cha babu, ninacho, nikazigonga njiti. Kumi na moja zinalia. Ya saba inakohoa kidogo. Nilimpigia Maalim nikaiweka simu karibu nikagonga, akanyamaza, akasema gonga tena, halafu akasema ulimi wake umeliwa ndani ya kitovu, usiibadilishe sasa, itachukua mzigo mdogo mpaka kitovu kipya kiwe tayari.

Kitovu kipya kipo. Mtondoo ulioangushwa na upepo, mwenyewe alinipa bure. Nimeutoboa, nimepaka ncha rangi nyekundu ya bati, nimeandika tarehe kwa penseli, umekaa juu ya boriti kivulini.

Ndugu wa Donge, maneno yako kuhusu mnyama nimeyashika. Halitapita kwenye mchanga wala halitabeba mawe. Nimeshazungumza na watu wa mtaani: msimu ujao wa karafuu litashusha magunia kutoka shamba moja tu, barabara kavu, safari fupi.

Mwenye_Gari_Donge

Yakhe, nimesoma mpaka mwisho. Nina dume pole sana, halishituki hata kwa honi. Kitovu kikikauka nambie, nitalivusha kwa boti.

Na kitu kimoja. Kuna gurudumu la mbao limeegemea mnazi nyuma ya nyumba moja huku kwetu, chuma chake bado kipo, njiti nyingi zimebaki. Sikuwahi kuligonga. Kesho nakwenda na kirungu.

Seremala_Wete

Nenda, ndugu yangu. Lipime kina kwa ubao, hesabu njiti, na kitovu kikunie kidogo kwa kisu unitumie picha ya nyuzi. Chuma mwambie mwenyewe asikiuze.

Kwa wengine wote: natafuta msaji mkavu wa kupasua njiti 12, urefu usipungue sentimita 55, usiwe na fundo. Aliyenao Pemba nitamfuata popote. Na mwenye tawi la mfenesi lililopinda, asilitie jikoni kabla hajaniandikia.